Mlima Katika Kanda: Tunasikia Nini Tunaposikiliza Kwaya za Kilimanjaro?

Katika nyumba nyingi za wachungaji wa Kilimanjaro, juu ya kabati au nyuma ya rafu ya vitabu, liko boksi la kanda za kwaya. Nyingine zilinunuliwa, nyingine zilipokewa kama zawadi siku ya uzinduzi, nyingine zimeachwa na mchungaji aliyehamishwa. Mashine ya kuzichezea imekwisha kuharibika, na vijana wa nyumba hiyo husikiliza kwaya kwa simu. Boksi halitupwi, wala halifunguliwi.

Makala hii yahusu yaliyomo katika boksi hilo. Tunauliza swali moja tu: mtu ambaye hajapata kufika Machame wala Mwika, akipewa kanda hizo peke yake, je, atausikia mlima? Tunajibu mapema ili msomaji asisubiri bure: kwa sehemu kubwa hatausikia. Nasi twaona kwamba jambo hili si la ladha ya muziki peke yake. Usharika usioweza kuitambua sauti yake wenyewe huwa mwepesi wa kuazima kila sauti ipitayo.

Kwanza tueleze tuna maana gani tunaposema kwamba kanda au santuri imeishika sauti ya mahali. Nchini mwetu iko mifano iliyo wazi. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alirekodi huko Uingereza albamu ambazo zimefanya ilimba na zeze za Wagogo zijulikane duniani. Chibite ya mwaka 1996 ni mojawapo. Msikilizaji haambiwi lolote juu ya Ugogo, lakini akisikia sauti zile nyembamba zikipishana juu ya vyuma vya ilimba, anajua kwamba hazikutoka mahali pengine. Vivyo hivyo, mwaka 1988 kampuni ya Globestyle ya Uingereza ilirekodi vikundi vya taarabu huko Zanzibar, Ikhwani Safaa na Culture miongoni mwao, na ikatoa mfululizo wa albamu. Vikundi hivyo vilipiga kama vilivyozoea kupiga, pamoja na fidla zao, kanuni na akodioni, kwa mwendo wao wenyewe usio na haraka. Warekodi hawakuongeza kitu. Hapo ndipo penye siri: albamu hushika sauti ya mahali pale watu wanapoachwa waimbe kama waimbavyo wasipoangaliwa.

Mlima wetu nao una santuri ya namna hiyo, ingawa wengi wa wasomaji wetu vijana hawaijui. Katika miaka ya 1950 Frank Humplick wa Moshi, mtoto wa baba kutoka Ulaya na mama Mchagga, aliimba pamoja na dada zake wawili, Thecla na Maria Regina, katika santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika. Wimbo mmoja haukuweza kuzidi dakika tatu au zaidi kidogo, kwa kuwa santuri haikuwa na nafasi. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kichagga. Gitaa moja linatembea polepole, na juu yake sauti tatu zimebanana kama watu waliokaa benchi moja. Frank alifariki mwaka 2007.

Tukizisikiliza santuri hizo leo, sisi tuliolelewa katika kwaya za sharika tunashtuka. Nyimbo zenyewe ni za mapenzi, za harusi na za mambo ya dunia, wala hatudai kwamba Frank alikuwa mwimbaji wa Kanisa. Lakini namna sauti zinavyokaa pamoja twaifahamu. Dada hawapazi sauti ili kumshinda kaka yao. Sauti ya pili inainama chini ya ya kwanza kwa umbali uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Mwisho wa mstari hawakati, wanaulaza. Hivyo ndivyo mama zetu walivyoimba jikoni, na ndivyo wazee wa mtaa wanavyoimba kwenye msiba usiku wa manane, wakati mwalimu wa kwaya hayupo. Santuri ya dakika tatu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, imeshika jambo ambalo kanda zetu nyingi za injili, zenye dakika sitini, hazikulishika.

Sauti hiyo ilitoka wapi? Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Zamani mwaka 1896. Walikuja na nyimbo zao za Kijerumani, na wakazitafsiri kwa Kichagga, baadaye kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa na matatizo mawili ambayo wanafunzi wetu wa theolojia wangefaa kuyafahamu kabla ya kuyacheka au kuyasifu mapokeo hayo.

La kwanza ni toni. Katika Kichagga kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno. Tuni ya Kijerumani haijui habari hiyo. Inapanda pale ambapo neno linataka kushuka. Mwimbaji wa kwanza wa Machame alipaswa kuchagua kati ya neno na tuni, na mara nyingi alitafuta njia ya katikati: aliteleza kutoka noti moja hadi nyingine, akaligusa neno njiani.

La pili ni mkazo wa Kiswahili, unaokaa daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua wimbo wa Luther wa Zaburi ya 46. Mstari wake wa kwanza katika Kijerumani una silabi nane, na tuni inaweka uzito juu ya silabi ya mwisho. Kijerumani hakina shida na hilo. Lakini mstari wa Kiswahili wenye silabi nane una uzito wake katika ya saba. Basi mwimbaji anapofika mwisho wa mstari, tuni inamvuta huku na lugha inamvuta kule. Usharika wa mlimani ulifanyaje? Uliivuta silabi ya saba hata ikawa ndefu, kisha ukaiweka ya nane kwa upole, kama mtu awekavyo mtungi chini. Mgeni kutoka Ulaya huambiwa kwamba sisi twaimba polepole mno. Si uvivu. Ni lugha mbili zinazopatana.

Jambo hili halikupangwa na mmisionari yeyote. Mwaka 1920 Wajerumani walipofukuzwa nchini baada ya Vita Kuu, sharika za Kilimanjaro zilibaki mikononi mwa walimu Wachagga kwa miaka kadhaa. Nyimbo ziliendelea kuimbwa katika miaka hiyo pasipo mmisionari wa kusahihisha mwendo, na twadhani (ingawa hatuwezi kuthibitisha, kwa kuwa hakuna aliyerekodi) kwamba ndipo hasa zilipopata tabia ya mlima. Mtaalamu Erich von Hornbostel aliandika mwaka 1928, katika jarida la Africa, kwamba muziki wa Kiafrika na wa Kizungu umejengwa juu ya misingi iliyo mbali mno hata hauwezi kuunganishwa. Alikuwa msomi mkubwa, na hoja zake zastahili kusomwa. Lakini ibada ya Jumapili pale Kidia au Nkwarungo ingempa taabu kidogo.

Yatupasa pia kumtaja Bruno Gutmann, aliyetumika mlimani kuanzia mwaka 1902 hadi 1938, pamoja na miaka ya kuondolewa kwake. Aliandika maneno mengi ya Wachagga kuliko mtu yeyote. Mafundisho ya jando peke yake yalichapishwa katika vitabu vitatu kati ya 1932 na 1938. Vitabu hivyo ni hazina. Hata hivyo, mtu akivifungua leo anasoma maneno ya wazee bila kuisikia pumzi yao. Kwa Kanisa linalofundisha, kufuatana na Warumi 10, kwamba imani huja kwa kusikia, upungufu huo si mdogo.

Pumzi hiyo ilianza kuhifadhiwa miaka ya 1960. Tarehe 26 Februari 1963 redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, Sauti ya Injili, ilifunguliwa huko Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi. Tepu zilirekodiwa Moshi, zikapelekwa Ethiopia, na kutoka huko zikarushwa hadi zikawafikia tena watu wa Moshi wenyewe, katika redio za betri zilizowekwa dirishani. Hali hiyo iliendelea mpaka Machi 1977, serikali ya Derg ilipokitaifisha kituo.

Kwa muda wa miaka kumi na minne kwaya za sharika ziliimba mbele ya kipaza sauti si kwa ajili ya kuuza, bali kwa ajili ya kipindi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwaya ya kipindi haikuhitaji kumvutia mnunuzi. Iliimba wimbo wa Jumapili iliyopita, beti zote, kwa mwendo wa Jumapili iliyopita. Hakukuwa na uwezo wa kurekodi sauti moja leo na nyingine kesho. Besi akikosea, wote walirudia. Katika rekodi chache za namna hiyo tulizowahi kuzisikia, mtu anasikia hata umbali wa waimbaji kutoka kwa kipaza sauti: wanawake mbele, wanaume nyuma, na mzee mmoja wa besi ambaye bila shaka aliombwa asogee nyuma zaidi lakini hakusogea vya kutosha. Tukiulizwa ni wapi ilipo albamu ya Kilimanjaro, twasema ni hiyo, ingawa haikupata kutolewa wala haina jalada.

Kisha zikaja kanda za kuuzwa. Kuanzia miaka ya 1980, na hasa miaka ya 1990, biashara ilipolegezwa na redio-kaseti zikaingia hadi vijijini, kila kwaya ilitamani kuwa na kanda yake. Hatutaki kuidharau tamaa hiyo. Kanda iliwapa vijana shabaha, ilichangia paa za makanisa, ilimfikia mgonjwa hospitalini. Uzinduzi ulikuwa sikukuu: mgeni rasmi, harambee, kanda ya kwanza ikinunuliwa kwa fedha ambayo ingenunua mbuzi. Baadhi yetu tulikaa meza kuu siku hizo, tukapiga makofi, wala hatujuti.

Lakini sikilizeni kanda zenyewe. Upande mmoja wa kanda ya dakika sitini una dakika thelathini. Wimbo wa kitabuni wenye beti saba, ukiimbwa kwa mwendo wa mlimani, unamaliza dakika saba au nane. Nyimbo nne tu na upande umekwisha. Hakuna mnunuzi wa kanda ya nyimbo nane ndefu. Kwa hiyo wimbo wa kitabuni uliachwa, ukatungwa wimbo mpya mfupi wenye kiitikio. Baada yake kikaja kinanda cha umeme, chenye ngoma zake ndani, kinachobonyezwa kidude na kuanza kupiga chenyewe. Kwaya ya Machame na kwaya ya Mbeya zikajikuta zinaimba juu ya mapigo yaleyale yaliyotengenezwa na fundi mmoja huko Japani. Kwaya za mijini zilizokuwa na vipaji vya kweli, kama Uinjilisti Kijitonyama ya Dar es Salaam, ambayo Hakuna Mungu Kama Wewe yake ilisikika kila mahali, ziliweza kubaki na uso wao hata ndani ya mtindo huo. Sharika za mlimani ziliiga mtindo bila kuwa na uso huo. Tumesikiliza kanda moja ya kwaya ya mlimani, ambayo hatutaitaja, na mpaka wimbo wa sita hakuna chochote kinachomjulisha msikilizaji kwamba waimbaji wanakaa kati ya migomba na si kandokando ya bahari. Wanaimba vizuri. Hilo ndilo linalosikitisha.

Najua (na hapa nawaomba wenzangu radhi kwa kutoka katika «sisi» kwa sentensi moja) kwamba hoja hii ina jibu ambalo wanafunzi wangu hunipa kila mwaka. Husema: hata tuni za Leipzig zilikuwa za kigeni. Ikiwa tarumbeta na nyimbo za Wajerumani zimekuwa zetu, kwa nini kinanda cha Japani kisiwe chetu? Je, wazee hawatetei tu ugeni wa zamani dhidi ya ugeni mpya?

Jibu hilo ni zuri, nasi hatulikwepi. Hatudai kwamba kitu ni chetu kwa sababu ya mahali kilikotoka. Wimbo wa Luther haukuzaliwa Kibosho wala Marangu. Twadai kwamba ulikuwa wetu kwa sababu uliweza kuvutwa. Usharika uliukamata ukaurefusha hapa, ukaulegeza pale, hata ukaafikiana na vinywa vyetu. Mapigo ya mashine hayavutiki. Silabi ya saba ikitaka kukaa, mashine imekwisha kupita. Basi sasa lugha ndiyo inayolazimika kukimbia, na anayesikiliza kanda nyingi za miaka ile atasikia mikazo ya Kiswahili ikivunjwa vibaya kuliko ilivyovunjwa na mmisionari yeyote wa mwaka 1893. Mpigaji mwenye akili anaweza kuzima ngoma za kinanda na kuwafuata waimbaji. Tumewasikia wachache wafanyao hivyo, na kanda zao ni bora. Kwa hiyo lawama haikiangukii chombo.

Jambo la pili linalokosekana katika kanda hizo ni matarumbeta. Mtu aliyekulia upande wa Walutheri wa mlima huu hawezi kuwaza Krismasi, harusi au maziko bila matarumbeta yakitangulia njiani, yakisikika kwanza mbali ng'ambo ya korongo, kisha yakipotea kwenye bonde, kisha yakitokea ghafla karibu kabisa. Mapokeo hayo ya Kijerumani yamekaa kwetu kwa ukaidi wa ajabu. Hata jirani zetu Wakatoliki wa Kibosho na Kilema, wenye muziki wao mzuri uliotoka kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, hutuambia kwamba hutambua msiba wa Walutheri kwa sauti hiyo. Lakini studio ni ndogo, matarumbeta ni makali, na tuni zake si za kuchezeka. Yakaachwa nje, mahali pake pakachukuliwa na sauti ya tarumbeta iliyomo ndani ya kinanda. Twaona hili kuwa kosa kubwa kuliko yote katika kanda za Kilimanjaro. Santuri iliyorekodiwa barabarani nyuma ya jeneza, pamoja na vumbi na kilio, ingesema mengi juu ya ufufuo kuliko viitikio kumi.

Hali ya sasa ni hii. Kanda na tepu ni unga wa chuma uliogandishwa kwa gundi juu ya utepe mwembamba. Penye unyevu gundi hulainika au ukungu huota, na mlima wetu una unyevu mwingi. Zaidi ya hayo, katika studio nyingi za redio za zamani tepu ilikuwa ghali, na kipindi kilichokwisha kurushwa kilifutwa ili kingine kirekodiwe juu yake. Kwa hiyo kilichosalia, popote kilipo, ni mabaki ya mabaki. Wakati huohuo wanaozijua nyimbo za kitabuni kwa Kichagga, beti zote bila kitabu, ni watu wa miaka themanini. Mchungaji kijana anayetumwa kwenye usharika wa mlimani huzika wawili au watatu kati yao kila mwaka, mara nyingi huku kwaya ya vijana ikiimba kwa kinanda kando ya kaburi.

Sharika zetu hutunza daftari la ubatizo kwa uangalifu wa kusifiwa. Kuna madaftari ya wakati wa Wajerumani ambayo bado yasomeka. Hatuoni kwa nini sauti ya hao waliobatizwa isitunzwe vivyo hivyo. Simu aliyo nayo kila mwanafunzi wa chuo hiki hurekodi kwa usafi kuliko mashine nyingi za zamani. Akienda mazoezi ya usharika, aiweke simu juu ya benchi la tatu, si mbele ya kwaya, na aache ibada nzima ipite, pamoja na mtoto anayelia na mnada wa ndizi baada ya baraka. Aandike tarehe, usharika na namba ya wimbo. Asichague nyimbo nzuri. Sisi hatukuwa na busara ya kufanya hivyo tulipokuwa na umri wake.

Katika boksi tulilolitaja mwanzoni, miongoni mwa kanda za uzinduzi zenye picha za waimbaji waliovaa sare, tulikuta moja isiyo na jalada. Juu yake imeandikwa kwa kalamu neno «msiba» na mwaka 1991, basi. Tuliazima mashine tukaisikiliza. Ni kanda iliyorekodiwa na mtu aliyesimama uani na redio-kaseti. Mvua inanyesha juu ya mabati ya kibanda. Mchungaji anatangaza wimbo, hasikiki vema. Mwanamke mmoja anaanza, chini mno, na wanaume wanalazimika kushuka pamoja naye mpaka sauti ya nne inakuwa karibu ni mngurumo. Kisha wote wanaingia, kwa Kichagga, taratibu, kila mstari ukilazwa mwishoni kama tulivyoeleza. Kwa mbali, huenda ni ng'ambo ya mto, matarumbeta yanakuja kwa wimbo uleule lakini yako nyuma kwa mstari mmoja. Hakuna anayejali. Wanaoimba hawaharakishi wala hawasubiri. Wanafika ubeti wa tano, matarumbeta yamekaribia, na hapo kanda inakwisha.